Chumba cha Babu Meli

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na watu watano walibanana katika viwili. Cha tatu, kile cha mbele chenye dirisha kubwa na jua la asubuhi, kilikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, mito miwili, kiti kimoja na ndoano ya kutundikia koti. Hakuna aliyelala humo. Kilikuwa kinamngoja mtu aliyepanda meli kabla babu zao hawajazaliwa.

Mtaani hakuna aliyestaajabu tena, maana watu huzoea wazimu wa jirani kama wanavyozoea kelele za mashine yake. Mwenye nyumba walimwita Mama Pasi kwa sababu ya kazi. Alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba tatu za wageni, na uani kwake vilining'inia vitambaa vyeupe mwaka mzima, jua liwake, mvua inyeshe. Kila Jumamosi, akishamaliza mashuka ya watu, alitoa yale ya chumba cha mbele yaliyolalwa na vumbi tu, akayafua, akayatia wanga, akayapiga pasi na kuyatandika upya. Kazi ambayo wengine walimlipa, Babu Meli alifanyiwa bure.

Huyo Babu Meli alikuwa kaka yake babu wa baba wa Mzee, mume wa Mama Pasi, na ukifuata hesabu hiyo unaweza kupotea njiani. Enzi za meli za moshi alikwenda ng'ambo kutafuta maisha, akaahidi kurudi, na mama yake akamwagiza mke wa mwanawe mdogo: chumba cha mwanangu kisilalwe mpaka arudi. Huyo akamwagiza mkwe wake, naye akamwagiza wake. Wanaume wa nyumba ile hawakujali. Walinung'unika kidogo, wakazaa, wakafa. Walioshika amri ni wanawake walioletwa pale kwa ndoa, wasio na hata tone la damu ya Babu Meli. Mama Pasi alikabidhiwa ufunguo siku chache baada ya harusi yake, na yeye hakuwa mtu wa kupewa kazi akaifanya nusunusu.

Kwa hiyo mkwe wake, mke wa mwanawe, alipokitaka chumba kile, Mama Pasi aliona ametiwa kidole jichoni.

Walikuwa uani wakikunja mashuka. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja: kila mtu hushika ncha mbili, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Wanawake hao wawili walikuwa wamekutana hivyo mara nyingi kuliko walivyokaa mezani pamoja, na mazungumzo yao mengi yalikwenda kwa mwendo huo, neno likitolewa mkikaribiana, likamezwa mkiachana.

"Mama, daktari amesema ni unyevu."

"Madaktari wa siku hizi wasipoona ugonjwa, wanaona unyevu. Vuta."

"Amesema chumba chetu si cha kulaza mtoto. Kimepakana na bomba, mashuka mabichi yako dirishani, ukuta umeota ukungu mpaka darini. Usiku kifua chake kinalia mluzi."

"Sogezeni kitanda."

"Tumekisogeza mpaka mlango haufunguki."

Wakakutana. Mama Pasi akapokea ncha za mwenzake, naye mkwe akainama kushika pindo la chini.

"Naomba chumba cha mbele," mkwe wake akasema. "Mume wangu abaki kule nyuma, hana neno. Mimi nitalala chini, mtoto alale kitandani. Mpaka mvua ziishe tu."

"Chumba kile kina mwenyewe."

"Mwenyewe amekufa, Mama. Hata angeishi miaka mia moja, amekufa."

"Atakuwa na watoto. Atakuwa na wajukuu."

"Na wewe huna?"

Mkwe akaachia ncha zake. Shuka likaanguka kwenye saruji yenye maji, likanywa tope, na Mama Pasi akabaki ameshika upande wake kama mtu aliyeachwa na mwenzake katikati ya ngoma. Shuka lile alilifua upya. Alipochukia sana ndivyo alivyokuwa: alifua.

*

Siku tatu baadaye mtoto alizidiwa. Alikuwa binti wa mwaka mmoja na kitu, mwenye mashavu ya kubinywa, na asubuhi ile mashavu yalikuwa yamebadilika rangi. Mkwe hakuomba tena. Alichukua ufunguo kwenye msumari wake, akamwingiza mtoto chumba cha mbele, akafungua dirisha lote na kufunga mlango.

Mama Pasi alisimama nje ya mlango ule akiwa ameinua mkono wa kubisha. Akasikiliza. Mluzi ulikuwepo, mrefu, wenye kukwaruza. Aliujua. Aliujua kuliko mkwe wake alivyodhani. Akasimama mpaka miguu ikamfa ganzi, na jua lilipofika kwenye kile kitanda mluzi ukapungua, kisha ukawa pumzi ya kawaida ya mtoto aliyelala. Mkono ukashuka wenyewe.

"Waache," Mzee alimwambia. Alikuwa mpaka rangi mstaafu, mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa akiwa anaelekea kwingine.

"Nani amesema nawatoa?"

Akawaacha. Wiki mbili mtoto alilala chumba cha mbele, akala, akacheka, akaanza kutembea kwa kushika pindo la kitanda cha Babu Meli. Jumamosi mashuka yake yalikuja kufuliwa yakiwa na doa la uji na harufu ya mtoto. Mama Pasi aliyashika kwa muda. Ukweli ni kwamba alifurahi, na ile furaha ilimtia hofu.

*

Karani wa bandari aliishi nyumba ya pili. Alijua lugha za nje mbili na hakukuruhusu uzisahau. Alikuja jioni moja na bahasha kwapani, akaketi bila kukaribishwa.

"Mama Pasi, shika kiti chako."

"Nimeketi tayari. Sema."

"Kuna mtu ameandika bandarini kutoka ng'ambo. Anatafuta asili ya ukoo wake. Babu yake mkubwa alipanda meli hapa karne ya kumi na tisa, mtoto wa madobi, nyumba ya kona yenye kisima uani. Wenzangu wanapekua makabati. Mimi nikawaambia, acheni vumbi hilo, watu hao nasikia pasi yao kila siku." Akaiweka bahasha mezani. "Ni kitukuu cha Babu Meli wenu hasa. Anakuja Alhamisi."

Mzee akasema, "Mh." Mwana wao, fundi friji, akaacha kula. Mama Pasi akainuka, akashika ukuta, akaketi tena, machozi yakimtoka waziwazi. Miaka yote ile watu walimwita punguani kwa pembeni. Mama mkwe wake alikufa akiulizia kama shuka limebadilishwa. Na sasa mtu anakuja, kwa miguu yake mwenyewe, Alhamisi.

Alipofuta macho jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Chumba kisafishwe."

Mkwe wake alikuwa mlangoni na mtoto kiunoni. "Tuhamie wapi?"

"Kwenu nyuma. Siku mbili tatu, mgeni akishaondoka..."

"Mvua inanyesha, Mama."

"Mtoto amepata nafuu."

"Amepata nafuu kwa sababu yuko huku!" Akamgeukia mumewe. "Sema basi. Wewe ndiye baba yake."

Fundi friji alikuwa kijana mwema, na wema wake ulikuwa wa kutaka kila mtu aridhike. Alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akaitazama sahani. "Siku mbili tatu tu," akasema. "Kisha nitapaka chokaa kule nyuma."

Mkwe alikwenda akakunja nguo za mtoto, akafunga virago vyake, na kabla giza halijaingia alikuwa amepanda gari kwenda kwa wazazi wake. Mumewe alimbebea mzigo hadi barabarani, akarudi amelowa. Mzee alifungua mdomo mara moja usiku ule, mkewe akamkata kauli.

"Najua unachotaka kusema. Usikiseme."

Alichotaka kukisema kilikuwa hiki. Kabla ya fundi friji, Mzee na mkewe walipata binti. Mtoto huyo naye kifua chake kililia mluzi katika chumba kilekile cha nyuma. Mama Pasi, msichana bado, alimpigia mama mkwe wake magoti akiomba chumba cha mbele, akajibiwa kwamba kina mwenyewe. Binti alikufa kabla hajajua kukaa. Baada ya hapo, ungetarajia mama yule akichukie chumba. Akakishikilia zaidi. Kama kingetolewa leo kwa sababu ya kifua cha mtoto, basi kingeweza kutolewa siku ile, na mwanawe alikufa bure. Heri mwenye chumba aje kweli.

*

Na kweli alikuja. Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, mwenye viatu vya kupandia milima na sauti ya upole. Alikumbatia watu wote, hata jirani aliyekuja kuazima beseni. Karani alikuwa mkalimani, amevaa tai.

Mama Pasi alikuwa amepanga maneno, yote yakamtoroka. "Karibu nyumbani," akasema tu. "Chumba kiko tayari. Mizigo yake iko wapi?"

Karani akauliza, akajibiwa. "Anashukuru sana. Tangu jana amefikia nyumba ya wageni ile ya karibu na kituo. Amekwishalipia."

Ilikuwa mojawapo ya zile tatu alizozifulia. Mama Pasi akaelewa kwamba mgeni wa Babu Meli alikwisha kulala juu ya mashuka yake tangu jana, kwa bei ya chumba, na asubuhi yangerudi kwake ndani ya furushi pamoja na ya wachuuzi na madereva. Akajikaza kisabuni, akatabasamu.

Wakamwonyesha kisima. Wakamwonyesha pasi ya mkaa ya zamani. Naye akasema kwao pia walikuwa madobi. Babu Meli alianza na beseni moja akaacha kiwanda cha kufulia chenye wafanyakazi. Akatoa simu na kuwaonyesha picha. Jengo. Watoto. Watoto wa watoto. Kisha jiwe la kaburi, jeupe, lenye maua chini yake.

"Hili ndilo lililomleta," karani alitafsiri. "Babu Meli alilisimamisha alipopata uwezo. Si kaburi lake, ni la ukumbusho. Limeandikwa..." Akasogeza simu machoni. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, hakuwa na haraka ya kusema. "Limeandikwa majina ya baba yake, mama yake, na mdogo wake. 'Wote walichukuliwa na kipindupindu mwaka niliopanda meli. Sikubakiwa na mtu.'"

Mzee akaichukua simu. "Huyu mdogo wake ndiye babu wa baba yangu," akasema. "Alikufa na mvi zake. Mama yao naye aliishi sana, ndiye aliyetoa ile amri."

Karani akatafsiri. Mgeni akashika mdomo, kisha akacheka na kulia kwa pamoja. "Anasema ninyi ni muujiza. Kwao walijua mlishakwisha. Kila mwaka wanapeleka maua."

"Wanatuwekea maua," Mzee akasema. "Basi mwambie tunashukuru, yalitufaa."

Karani hakutafsiri hilo. Fundi friji, aliyekuwa amesimama nyuma, akaomba simu. Aliitazama picha kuliko wote. "Muulize kwa nini alidanganya."

Mgeni alisema hajui, ila anakisia. Zama zile mtu mwenye watu nyumbani alisumbuka: waajiri walihofu atakimbia arudi kwao, wakwe walihofu ana mke mwingine, na barua za kuomba hazikwisha. Mtu asiye na kwao haulizwi atarudi lini. Babu Meli alipata kazi upesi, akapata na mke.

"Akaishi vizuri?" fundi friji akauliza.

"Anasema vizuri sana."

Fundi friji akaitikia kwa kichwa polepole, kama anavyofanya akishajua kinachosumbua mashine, akamrudishia simu yake.

Mama Pasi ndiye aliyefungua chumba. Mwanga wa jua ulikuwa umetulia juu ya shuka, hakuna hata mkunjo. Mgeni aliingia kwa kunyata. Aliambiwa kimengoja tangu lini, na nani wamekitandika, naye akasema ni kitu kizuri kuliko vyote alivyoona maishani. Alipiga picha za kitanda, dirisha, ndoano. Aliketi pembeni mwa kitanda kwa muda wa kunywa maji, akainuka.

"Anaomba kitu kimoja," karani akasema akiwa ameinamisha kichwa. "Anaomba tafadhali msikibadilishe. Nduguze watapenda kuja kukiona."

Alipoondoka, akiahidi kuandika, Mama Pasi alirudi kunyoosha pale alipoketi. Juu ya mto aliona noti zimekunjwa vizuri. Miaka yote alisikia wahudumu wa nyumba za wageni wakisimulia jinsi mgeni mwenye moyo mzuri humwachia fedha mtandika kitanda juu ya mto. Yeye, aliyefua tu, hakuwahi kuachiwa. Akaketi juu ya kitanda cha Babu Meli, mara ya kwanza tangu akabidhiwe ufunguo, akalia kwa hasira mpaka foronya ikalowa.

*

Kesho yake alimwambia mwanawe, "Kawalete. Chumba ni chenu. Siyo mpaka mvua ziishe. Ni chenu moja kwa moja."

Alikwenda, akarudi peke yake. Akaanza kukusanya vifaa vyake vya kazi.

"Amekataa?"

"Mtoto alizidiwa tena siku ile walipoondoka na mvua, Mama. Hatukukwambia. Alipata nafuu hospitali." Alikuwa akipanga bisibisi moja moja kwenye mkoba. "Tumepata chumba ng'ambo ya kituo. Kidogo, ila kikavu."

"Na hapa kuna kikavu! Nimesema ni chenu!"

"Si mgeni amesema kisiguswe?"

Mama Pasi alimshika mkono. Alitaka kumzuia kwa kitu kizito, na kizito alichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu. "Ulikuwa na dada," akasema. "Kabla yako. Alifia kule nyuma, kwa kifua hikihiki. Niliomba chumba kile nikanyimwa. Najua uchungu wake, baba. Ninaujua."

Fundi friji akaacha kupanga. Alimtazama, na mama yake akaona amekosea, akaona kabla hata hajajibiwa.

"Ulijua," akasema. "Ulijua kabisa chumba cha nyuma kinafanya nini. Na bado ulitaka kuturudisha humo."

Akabeba mkoba. Baba yake alikuwa kizingitini, akampisha.

Jumamosi ilipofika, Mama Pasi alifua furushi la nyumba ya wageni. Shuka la yule mgeni lilikuwa humo, hakuweza kujua lipi. Alipofika kwenye kukunja alimwita Mzee. Mzee alishika ncha zake vibaya, akavuta upande, akatangulia asipotakiwa kutangulia, na shuka likatoka limepinda. Mama Pasi alilikunjua, akalikunja tena peke yake kwa kulibana chini ya kidevu.

Chumba cha mbele hakukitandika. Aliyatoa mashuka yake, mazuri kuliko yote ndani ya nyumba ile, akayapunguza kwa mkasi yakaenea kitanda kidogo, akayashona pindo kwa mkono. Akayapiga pasi na kuyafunga kwa kanga safi.

*

Kukipata chumba kipya cha mwanawe hakukumsumbua. Fundi friji anajulikana. Ilikuwa nyumba ndefu yenye milango mingi, lango la mabati, ua mkavu uliofagiwa. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye ufagio, alimpokea langoni akalijaza lote.

"Namtafuta fundi friji."

"Ametoka kwenda kazini, hajarudi. Mkewe yumo ndani anamwogesha mtoto. Wewe ni nani wake?"

Mama Pasi akafungua mdomo.

"Usinielewe vibaya," mwenye nyumba akaendelea. "Sipendi watu waingieingie. Ila hawa nimewachukua kwa huruma. Yule kijana hana mtu, maskini. Aliniambia baba na mama walishakufa zamani, wote kwa ugonjwa mmoja. Hata mdhamini sikumdai, nitamdai nani?"

Kutoka ndani mtoto akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu cha kumwagiwa maji, kikaisha, na mtoto akavuta pumzi kwa nguvu ili aanze tena. Mama Pasi aliisikiliza pumzi ile kwa sikio lililofundishwa. Ilikuwa safi. Hapakuwa na mluzi wowote. Alifurahi, na papo hapo aliumia kama hajawahi kuumia, hata siku ya noti zile juu ya mto.

"Mimi ni dobi," akasema. "Nimeleta mashuka ya mtoto."

Mwenye nyumba akapokea furushi, akapenyeza kidole ndani ya kanga. "Loo! Hii ndiyo pasi. Wanadaiwa?"

"Hawadaiwi. Yamelipiwa."

"Na machafu? Utakuwa unayapitia, au wayalete wenyewe?"

Ndani mtoto alikuwa ameanza kucheka tena. Mama Pasi alijifunga vizuri upande wa kanga kiunoni, akaweka sauti yake ya kazini, ile anayoongelea na wenye nyumba za wageni.

"Nitayapitia hapa langoni," akasema. "Kila Jumamosi. Hawana haja ya kutoka."